Gari Lililofunzwa na Barabara

Ford Falcon za kwanza kuuzwa Australia zilivunjika miguu. Anayetaka kulielewa gari hili aanzie hapo, maana karibu yote yaliyofuata katika miaka 56 ya uhai wake yalichipuka kutoka kwenye aibu hiyo. Lilizinduliwa Septemba 1960, na kwa macho halikuwa na mpinzani: la chini, pana, lenye mistari iliyonyooka, kiasi kwamba Holden, gari lililokuwa limetawala soko, ikiegeshwa kando yake ilionekana kuukuu siku hiyohiyo ilipotoka dukani. Familia zilinunua. Zikapakia watoto na mizigo, zikatoka mjini. Na hapo ndipo nchi ilipoanza kusema neno lake.

Australia ya wakati huo ilikuwa na lami mijini na changarawe kwingine kwingi. Hata barabara kuu inayovuka uwanda mkavu wa Nullarbor kuunganisha Perth na miji ya mashariki haikukamilika kuwekwa lami hadi mwaka 1976. Barabara za aina hiyo hujiumba vijituta vidogo vilivyokaribiana, kilomita baada ya kilomita, na kila kijituta hupiga tairi, tairi likapiga mguu, mguu ukapiga bodi. Kilichoshindwa kwenye Falcon ni viungo vya mguu wa mbele, vile ambavyo mafundi wetu huviita boljointi. Kiungo kikichomoka, gurudumu hulala chini ya gari na safari huishia hapohapo, pengine mbali na karakana yoyote. Klachi nazo zililalamikiwa. Habari zikasambaa kwa njia isiyozuilika na tangazo lolote, yaani mdomo wa mwenye taksi na mdomo wa mkulima.

Ili kuona jinsi gari lile lilivyofika pale bila maandalizi, turudi nyuma kidogo. Ford ilianza kuunganisha magari mjini Geelong, jimbo la Victoria, mwaka 1925, chini ya tawi lake la Kanada. Ilikuwa na mizizi na ilikuwa na sifa. Mwaka 1934 mbunifu wake kijana, Lew Bandt, alitoa gari lenye kibanda cha saluni mbele na bodi ya mizigo nyuma, jibu kwa mke wa mkulima mmoja wa Gippsland aliyekuwa ameiandikia kampuni akiomba gari moja tu la kumpeleka kanisani Jumapili bila kulowa na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Kampuni iliyosoma barua ya mama mmoja wa shambani na kuijibu kwa mashine ilikuwa inajua wateja wake ni nani. Lakini tarehe 29 Novemba 1948 Waziri Mkuu Ben Chifley alizindua Holden, gari la kwanza la General Motors kutengenezwa Australia kwa ajili ya Waaustralia, na miaka kumi baadaye karibu nusu ya magari mapya yote nchini yalikuwa Holden. Ford ilikuwa na magari ya Kiingereza yaliyokuwa madogo mno, na ya Kimarekani yaliyokuwa ghali mno. Katikati, pale familia ilipokuwa inanunua, hapakuwa na kitu.

Mpango wa kwanza ulikuwa kuunda Zephyr ya Uingereza kwenye kiwanda kipya kilichojengwa Broadmeadows, kaskazini mwa Melbourne. Mwaka 1958 viongozi wa Ford Australia walikwenda makao makuu Dearborn, wakaonyeshwa gari jipya lililokuwa bado jikoni: Falcon, gari dogo kwa vipimo vya Marekani, la injini ya silinda sita, jepesi, la bei nafuu. Waliacha Zephyr palepale. Aliyekuwa akiisukuma Falcon Marekani ni Robert McNamara, yuleyule aliyekuja kuwa Waziri wa Ulinzi wakati wa vita vya Vietnam, kisha Rais wa Benki ya Dunia kuanzia 1968, cheo ambacho kilimfanya ashughulike na serikali ya Mwalimu Nyerere. McNamara alikuwa mtu wa hesabu. Falcon yake ilikuwa hesabu iliyofungwa magurudumu: kila kilo isiyohitajika ilitolewa, kila senti isiyohitajika ikakatwa. Kwa barabara laini za Ohio na Michigan hesabu ilitimia. Usukani ukahamishiwa kulia, mambo machache yakabadilishwa, gari likaingizwa sokoni upande wa pili wa dunia.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwaka 1962 likaja toleo la XL, mwaka 1964 likaja XM, na kila moja lilikuja na vyuma vizito zaidi chini yake. Herufi hizo mbilimbili ndizo Waaustralia wanazozitumia hadi leo kuyatambua matoleo ya gari hili, na mzee wa Melbourne akisema baba yake alikuwa na XM, msikilizaji hujua mwaka, umbo la taa na hata mlio wa injini. Wahandisi waliokuwa wameajiriwa kuunganisha gari la wenzao walikuwa sasa wanalitengeneza upya kipande kwa kipande. Tatizo ni kwamba mteja aliyeumwa na nyoka hakuwa tayari kusogelea tena. Gari lilikuwa limepona, jina bado lilikuwa gonjwa.

Kilichoniondolea shaka yoyote kuhusu watu hawa ni walichofanya Aprili 1965. Kampuni ilikuwa imefungua uwanja wa majaribio chini ya vilima vya You Yangs, karibu na Geelong. Bill Bourke, Mmarekani aliyeletwa kuokoa mauzo, aliamua kuwa toleo jipya la XP litasimamishwa mahakamani mbele ya taifa zima: magari matano kutoka kiwandani, yakipokezana madereva usiku na mchana, yatembee jumla ya maili 70,000 kwa wastani usiopungua maili 70 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya kilomita 112,000 kwa mwendo wa kilomita 113 kwa saa, pamoja na muda wa kujaza mafuta, kubadilisha tairi na kufanya matengenezo. Na barabara ile haikuwa uwanja wa mviringo ambao dereva hukanyaga mafuta na kusahau. Ilipanda, ikashuka, ikajikunja kwenye kona kali.

Ukifikiria kwa makini utaona ni kamari ya kutisha. Kama boljointi moja ingechomoka mbele ya waandishi wa habari, Ford Australia isingekuwa na pa kujificha. Wastani ule haungepatikana bila kuzikimbilia kona kama wakimbiaji wa mashindano, na kwa kweli madereva wa mashindano ndio walioitwa, Harry Firth na Bob Jane wakiwa miongoni mwao. Magari yaliteleza nje ya barabara. Mengine yalipinduka. Mabati yakagongwa yakanyooka, magari yakarudi barabarani, yakiwa na sura mbaya na miguu mizima. Baada ya siku tisa maili 70,000 zilitimia kwa wastani wa zaidi ya maili 71 kwa saa. Jarida la Wheels likalitangaza XP kuwa Gari la Mwaka 1965, na mwaka uliofuata likaipa XR heshima hiyohiyo.

Naamini huko You Yangs ndiko Falcon ilikopata uraia. Viwanda vingi duniani vimewahi kuuza gari bovu na vingi vimelirekebisha kimyakimya. Hiki kilichagua kosa lake liwe ndilo somo la mtihani, hadharani.

XR, iliyotoka 1966, ilileta injini ya V8 ndani ya gari la familia, na mwaka 1967 ikaja Falcon GT, nyingi zikiwa zimepakwa rangi ya dhahabu iliyokoza. Ili kuelewa kwa nini jambo hili liliwashika Waaustralia moyoni, lazima ujue Bathurst. Ni mji wa New South Wales wenye mlima uitwao Mount Panorama, na kila mwaka hufanyika hapo mashindano marefu kwenye barabara inayopanda mlima na kuteremka. Enzi hizo sheria ilidai magari yawe yaleyale yanayouzwa kwa umma. Baba aliyekaa kwenye nyasi na watoto wake alikuwa anaangalia gari lenye milango minne na viti vya nyuma, ndugu wa lile alilokuja nalo. Mwaka 1967 Harry Firth na Fred Gibson walishinda na GT. Mwaka 1970 na 1971 Allan Moffat alishinda akiwa na GTHO, toleo kali zaidi la GT, na mara ya pili aliendesha maili 500 zote peke yake, sehemu ya mbio hizo boksi la bia likiwa limenasa mbele ya rejeta yake huku yeye akiendelea kuongoza.

GTHO ya mwaka 1971, iliyoitwa Awamu ya Tatu, ilikuwa na injini ya lita 5.8 na ilihesabiwa miongoni mwa magari ya milango minne yenye kasi kuliko yote yaliyokuwa yakiuzwa duniani. Zilitengenezwa 300 hivi. Tarehe 25 Juni 1972 gazeti la Sun-Herald la Sydney likaandika kwenye ukurasa wa mbele kwamba magari ya maili 160 kwa saa yako njiani kuja mitaani. Mwandishi alikuwa Evan Green, mtu aliyeyajua magari vizuri. Wanasiasa wakapandisha sauti, serikali zikatishia kutonunua magari ya viwanda vinavyohusika, na katika siku chache Ford, Holden na Chrysler wakaachana na mipango yao. Awamu ya Nne ya GTHO ikafa ikiwa magari manne tu. Wapenzi wa mbio bado wanalilia siku hiyo. Mimi nadhani serikali zilikuwa na haki: vifo barabarani vilikuwa vingi mno, na gari la kwenda kasi ile lenye breki na tairi za wakati ule halikuwa la kuachiwa kijana mwenye leseni ya mwaka mmoja.

Mwaka huohuo wa 1972 ilitoka XA, Falcon ya kwanza kubuniwa Australia kwenyewe kwa umbo lote la nje. Vitabu vingi vya magari huishia kwenye umbo hilo, kwenye ubavu wake uliovimba na kupe ya milango miwili. Lakini mikono iliyolitengeneza nayo ina historia. Kiwanda cha Broadmeadows kilikuwa kimejaa wahamiaji kutoka Italia, Ugiriki, Uturuki na Yugoslavia, watu waliofika na masanduku na Kiingereza cha kubahatisha, wakawekwa kwenye mstari wa kuunganisha ambao kasi yake ilipangwa na wengine. Waliunda gari la familia kwa zamu ambazo ziliwanyima familia zao. Mei 1973 waligoma. Viongozi wa chama walipowaambia warudi kazini, wengi waliona wameuzwa, na tarehe 13 Juni hasira ikalipuka: ukuta wa kiwanda ukabomolewa, madirisha yakavunjwa. Mgomo uliendelea kwa wiki kadhaa zaidi, na ukailazimisha Australia kuwatazama kwa mara ya kwanza watu ambao ilikuwa inapanda magari yao kila siku bila kuwajua. Mtu anaposema Falcon ni gari la Kiaustralia kabisa, awakumbuke na hao, kwa sababu wao ndio Waaustralia walioliunda.

Kisha mafuta yakapanda bei. Mshtuko wa kwanza wa 1973 uliwagusa Waaustralia kwa upole kuliko wengine, kwa kuwa nchi ilikuwa na visima vyake katika mlango wa bahari wa Bass. Lakini Holden walisoma alama wakaogopa. Mwaka 1978 walianzisha Commodore, gari lililotokana na Opel ya Ujerumani, zuri na jepesi, ila jembamba kuliko Kingswood, gari kubwa la Holden lililokuja kulirithi. Ford walikuwa na njia hiyohiyo mbele yao, na wengi ndani ya kampuni mama walitaka waifuate. Broadmeadows wakakataa. XD ya mwaka 1979 ilipunguziwa uzito, ikavalishwa mistari ya kisasa ya Ulaya, ikapewa bampa na tangi la mafuta la plastiki, lakini upana wa ndani ukabaki.

Upana huo ndio ulioamua vita. Kwenye kiti cha nyuma cha Falcon watoto watatu walikaa bila kupigana viwiko, na watu wazima watatu walikaa wakafika. Wenye taksi waliliona hilo kabla ya wanahabari. Taksi hubeba watu watatu nyuma mara ishirini kwa siku, na dereva anajua abiria aliyebanwa husema nini anaposhuka. Bei ya mafuta ilipotulia, Australia ikakumbuka kuwa ni nchi kubwa yenye safari ndefu, na mwaka 1982 Falcon ikaipita Commodore kwa mauzo. Falcon yenye mtungi wa gesi kwenye buti ikawa ndiyo taksi ya Australia kwa kizazi kizima, na nyingi zilitembea kilomita laki kadhaa kabla ya kustaafu. XF, iliyotoka 1984, ikawa toleo lililouzwa kuliko Falcon zote.

Inafaa hapa kutupia jicho ndugu aliyekwenda kulelewa kwingine. Argentina nayo ilipokea Falcon ya McNamara, ikaanza kuitengeneza mwaka 1962 na haikuacha hadi 1991, umbo likibadilika kidogo tu, magari yakifikia karibu nusu milioni. Huko pia lilikuwa gari la familia na la taksi. Lakini chini ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, Falcon za kijani zisizo na namba zilikuwa ndizo zinazokuja usiku kuchukua watu ambao hawakuonekana tena, na waliookoka enzi hiyo bado hushtuka wanapoliona. Chuma kilikuwa kilekile. Nchi mbili zikalipa kumbukumbu mbili.

Miaka iliyofuata huko Australia nitaipita haraka. EA ya mwaka 1988 ilitoka na kasoro nyingi za uundaji na ilichukua muda kusahihishwa. EF ya mwaka 1994 ilikuwa gari la kwanza la kutengenezwa Australia kuja na mfuko wa hewa wa dereva kama kifaa cha kawaida. AU ya mwaka 1998 ilikuwa gari zuri ndani ya umbo ambalo watu walilichukia. Taa zake zilionekana kama zinasinzia, nyuma ilishuka, na Commodore, iliyokwishapanuliwa na Holden waliojifunza somo lao, ikachukua wateja. BA ya mwaka 2002 ilirudisha heshima kwa injini mpya ya lita nne iliyoitwa Barra, iliyofuliwa Geelong, ya silinda sita katika mstari mmoja, kitukuu wa ile injini ndogo ya 1960. Mafundi wa mashindano wanaigombania hadi sasa, maana hubeba nguvu mara mbili au tatu ya ile iliyotoka nayo kiwandani. Na mwaka 2008 toleo la FG likawa gari la kwanza lililotengenezwa Australia kupata nyota tano za usalama. Miaka michache ya mwisho ya Falcon ndiyo iliyokuwa na magari yake bora kuliko yote, na ndiyo iliyokosa wanunuzi.

Kwa nini? Wapo wanaolaumu wahandisi, wapo wanaolaumu wafanyakazi na mishahara yao. Ukweli ulianzia serikalini, Canberra. Katikati ya miaka ya 1980 gari la kigeni lililipiwa ushuru wa asilimia 57.5, juu ya ukomo wa idadi ya magari ya kuingizwa. Seneta John Button, waziri wa viwanda, alipanga kupunguza ulinzi huo ili viwanda vijifunze kushindana. Ushuru ukateremka mwaka baada ya mwaka hadi asilimia 5 mwaka 2010, na magari ya Thailand yakaruhusiwa kuingia bila ushuru kwa mkataba ulioanza 2005. Wakati huohuo familia yenyewe ilibadilika. Watoto walipungua, na baba aliyekuwa akinunua stesheni wagoni akanunua pikapu ya milango minne au gari la juu aina ya Territory, ambalo Ford wenyewe walilijenga mwaka 2004 juu ya mifupa ya Falcon. Mashirika yaliyokuwa yakinunua Falcon kwa mamia kwa ajili ya maofisa wao yakaanza kuwapa posho wajichagulie. Mwaka 2003 ziliuzwa zaidi ya 70,000. Mwaka 2012 ziliuzwa kama 14,000. Mwaka 2015 hazikufika 6,000.

Ford hawakuuza Falcon ng'ambo kwa wingi wakati walipoweza, na kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko taa za AU. Zaidi ya milioni tatu zilitengenezwa, karibu zote kwa Australia na New Zealand. Kampuni mama ilikuwa na magari yake ya kuuza kwingine, na gari lililostahimili You Yangs likafungiwa nyumbani hadi soko la nyumbani likakauka.

Tarehe 23 Mei 2013 kampuni ilitangaza kuwa itafunga Broadmeadows na kiwanda cha injini cha Geelong, ikisema imepoteza dola milioni 600 za Australia katika miaka mitano na kwamba gharama za kutengeneza gari Australia ni mara mbili ya Ulaya na karibu mara nne ya Asia. Ajira 1,200 hivi zingepotea. Falcon ya mwisho, XR6 ya buluu, ilitoka kwenye mstari tarehe 7 Oktoba 2016. Wanahabari hawakuruhusiwa ndani. Wafanyakazi waliagana na gari lao wenyewe kwa wenyewe. Mwaka mmoja baadaye Holden nayo ilifunga kiwanda chake.

Wahandisi hawakuondoka wote. Wakati Falcon inadhoofika, Ford ilikuwa imeikabidhi timu ya Australia kazi ya kubuni pikapu moja kwa ajili ya sehemu kubwa ya dunia, Ranger iliyotoka 2011. Waliijaribu You Yangs, kwenye uwanja uleule ulioitesa XP. Safari hii gari halikufungiwa nyumbani: linatengenezwa Thailand na Silverton, Pretoria, na kutoka Afrika Kusini limeuzwa katika nchi nyingi za bara hili, likaonekana Nairobi na Dar es Salaam likiwa na vumbi la safari za mikoani. Mwaka 2023 Ranger iliongoza mauzo ya magari Australia. Hata moja ya hizo haikuundwa Broadmeadows.